Kupiga Kambi Kando ya Ewaso Ng'iro: Panga Safari Ukianzia na Mto

Kila likizo inapokaribia, kuna kikundi cha vijana, familia au klabu ya shule hapa Isiolo kinachopanga kwenda kulala usiku mmoja au miwili katika Mbuga ya Shaba au Buffalo Springs. Ni jambo la kutia moyo. Mbuga hizi ni mali ya wakazi na husimamiwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Haifai mgeni kutoka ng'ambo azijue kuliko mtoto aliyezaliwa Ngaremara, Bulla Pesa au Kinna.

Mipango ya safari kama hizi kwa kawaida huanza na chakula, gari na michango. Somo hili linakuomba uanze kwingine: anza na mto. Mto Ewaso Ng'iro ndio unaowaleta wanyama, ndio unaotoa kivuli na upepo mwanana wa jioni, na ndio unaoweza kukufikia hemani usiku bila tone la mvua kuanguka mahali ulipo.

Ukimaliza kusoma, unapaswa kuweza kufanya mambo manne: kueleza kwa nini mto hujaa wakati anga ni safi, kuchagua wakati na mahali pa kuweka hema, kupiga hesabu ya maji na vifaa vya kikundi chako, na kuandika mpango ambao mtu aliyebaki nyumbani anaweza kuutumia kukutafuta.

1. Mahali penyewe

Shaba na Buffalo Springs ziko ukingo wa kusini wa Ewaso Ng'iro. Ng'ambo ya pili ya Buffalo Springs ni Mbuga ya Samburu, iliyo chini ya kaunti jirani. Barabara ya lami ya Isiolo kwenda Moyale hupita katikati: Buffalo Springs iko upande wa magharibi wa barabara na Shaba upande wa mashariki. Buffalo Springs ina ukubwa wa kilomita 131 za mraba, na Shaba kilomita 239 za mraba.

Huku utawaona wanyama wa kuvutia: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, choroa, swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya samawati. Shaba, iliyopata jina lake kutoka Mlima Shaba, ndiyo yenye upweke zaidi. Magari ni machache, miamba ya volkano ni mingi, na mtandao wa simu hukatika mara kwa mara. Ni huku ambako Joy Adamson, aliyefahamika duniani kwa kumlea simba Elsa, alikuwa akiishi na kumfuatilia chui wake hadi alipouawa Januari 1980.

Upweke huo ndio uzuri wa mbuga hizi, na ndio unaofanya mpango uwe wa lazima. Gari likikwama, huenda saa nyingi zikapita kabla ya gari jingine kutokea.

2. Mto unaojaa bila mvua

Jina Ewaso Ng'iro ni la lugha ya Maa, nalo husema juu ya mto wenye maji ya rangi ya udongo. Udongo huo hautoki kwetu. Mto huu hulishwa na vijito vya Mlima Kenya, kama Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Timau, na vingine kutoka milima ya Nyandarua. Hukusanya maji ya Nyeri, Nyandarua, Laikipia na Meru, hupita kwetu, kisha huelekea mashariki hadi kinamasi cha Lorian. Sisi wa Isiolo, ambako mvua ni haba, tunapokea maji yaliyonyesha kwa watu wengine.

Kutoka kilele cha Mlima Kenya hadi Archers Post ni takriban kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Maji huchukua muda kufika. Mvua za milimani mara nyingi hunyesha alasiri na jioni. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mvua kubwa imenyesha saa kumi jioni, kilomita 60 juu ya kambi yako kwa kufuata mto, na mafuriko yanasafiri kilomita 6 kwa saa. Yatachukua saa 10, na yatakufikia saa nane usiku. Ikiwa mvua ilinyesha kilomita 90 juu yako, yatafika saa moja asubuhi. Katika hali zote mbili, ulilala ukiona nyota.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2009 ukame ulikuwa mkali hadi mto ukakauka katika eneo la mbuga. Kisha tarehe 4 Machi 2010, alfajiri, Ewaso Ng'iro ulivunja kingo zake. Kambi na hoteli za kitalii katika eneo la Samburu na Buffalo Springs zilisombwa au kufurika, kituo cha utafiti wa ndovu kikaharibiwa, na helikopta zikatumika kuokoa watu. Angalia tarehe hiyo: ni mwanzo wa Machi, wakati wengi wetu bado tunahesabu kuwa kiangazi hakijaisha.

Wala si mto wetu peke yake. Septemba 2019, watu 7 walikufa baada ya kukumbwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Kaunti ya Nakuru. Mapema Mei 2024, Mto Talek katika Maasai Mara ulifurika na kuingia katika kambi zaidi ya kumi, na makumi ya watu wakaokolewa. Waliokumbwa ni wageni na wenyeji, na walioongozwa na watu wazoefu pia walikuwamo.

Kando na mto kuna laga. Mchungaji yeyote wa huku anajua kwamba laga ni barabara nzuri ya mchanga siku 360 za mwaka, na kaburi siku 5 zinazobaki. Tofauti yake na mto ni muda: mafuriko ya mto yanaweza kuchukua saa nyingi kufika, lakini laga inaweza kujaa kwa dakika chache baada ya mvua kunyesha kwenye vilima vya karibu.

3. Kuchagua wakati wa kwenda

Isiolo hupata mvua za masika Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Miezi inayofaa zaidi kwa kambi ni Januari na Februari, na tena Juni hadi Septemba. Hata hivyo, kumbuka funzo la sehemu iliyotangulia: kalenda ya mvua unayohitaji si ya Isiolo pekee. Sehemu za magharibi za Laikipia, kwa mfano, hupata mvua pia Julai na Agosti.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Wiki moja kabla ya safari, soma utabiri wa siku saba wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Soma wa Isiolo, kisha usome wa Nyeri, Nyandarua, Laikipia na Meru.
- Siku ya kuondoka, usome tena. Kukiwa na tahadhari ya mvua kubwa milimani, ahirisha. Pesa za gari zinaweza kutafutwa tena.
- Piga simu kwa jamaa au rafiki aliyeko Nanyuki au Timau umuulize kumenyesha vipi. Ni utabiri wa bei nafuu na mara nyingi ni wa kweli.
- Ukifika langoni, waulize walinzi wa mbuga: mto ukoje leo, umepanda au umeshuka tangu jana, na barabara zipi hazipitiki. Waulize pia kuhusu usalama wa njia utakazotumia, kisha ufuate wanachosema.

4. Kuchagua mahali pa hema

Kupiga kambi kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Thibitisha mapema na ofisi ya mbuga ni maeneo yapi yaliyo wazi, ada ni kiasi gani, na kama utahitaji kulipia mlinzi wa kulala nanyi. Ada hubadilika, kwa hiyo usitegemee bei uliyoambiwa na aliyekwenda mwaka jana.

Hata ndani ya eneo lililotengwa, kuna mahali pazuri na pabaya. Kabla ya kushusha mzigo, tembea eneo lote mchana ukitafuta alama hizi:

- Takataka juu ya miti. Nyasi kavu, vijiti na matambara yaliyonasa kwenye matawi ya migunga na mikoma hayakupelekwa na upepo. Yaliachwa na maji. Kama yako juu ya kichwa chako, maji yalifika juu ya kichwa chako.
- Mstari wa tope kwenye mashina ya miti. Huonyesha kimo cha mafuriko ya karibuni.
- Mchanga laini uliotandazwa. Unapendeza kulalia, lakini mchanga huo uliletwa na mto, na mto unaweza kurudi kuuchukua.
- Njia za wanyama. Ndovu na kiboko wana njia zao za kushukia majini. Usiweke hema juu yake.

Weka hema juu ya alama zote za maji, mbali na ukingo, na mahali ambapo unaweza kupanda kwa miguu hadi mwinuko bila kuvuka laga yoyote. Sharti hili la mwisho husahauliwa sana. Kambi inaweza kuwa juu, lakini ikiwa nyuma yake kuna laga na mbele yake kuna mto, imekuwa kisiwa. Egesha gari upande wa mwinuko, likiangalia njia ya kutokea, na kila mtu ajue ufunguo ulipo.

5. Hesabu ya kikundi

Maji ya Ewaso Ng'iro yana tope na ni makazi ya mamba. Usiyategemee kwa kunywa, na usimtume mtoto kuyachota. Beba maji yako.

Kadiria lita 10 kwa kila mtu kwa siku: karibu nusu ni ya kunywa na kupikia, iliyobaki ni ya kunawa na vyombo. Joto la mchana huku huzidi nyuzi 30, kwa hiyo usipunguze. Kikundi cha watu 8 kwa siku 3:

8 × 10 × 3 = lita 240, yaani jerikeni 12 za lita 20.

Sasa ongeza siku moja ya akiba, kwa sababu laga ikijaa hutatoka siku uliyopanga:

8 × 10 × 4 = lita 320, yaani jerikeni 16.

Jerikeni 16 zina uzito wa kilo 320 na zaidi. Hapo ndipo unapogundua kwamba gari moja dogo halitoshi. Ni afadhali ugundue ukiwa na kalamu nyumbani kuliko ukiwa njiani. Kanuni hiyo hiyo ya siku moja ya ziada itumike kwa chakula, dawa za wenye maradhi ya kudumu, na betri za tochi.

Usipange kununua maji ya chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine ya hifadhi nchini, na chupa hizo zimo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017. Jerikeni na chupa za kujaza tena ndizo zinazofaa. Takataka zote zirudi nanyi mjini.

Kwa gari: tairi mbili za akiba kama inawezekana, kwani miamba ya Shaba huchana tairi, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea juu ya mchanga, koleo, kamba ya kuvuta, na mafuta ya kwenda, kuzunguka na kurudi, kisha zaidi. Jaza tangi Isiolo mjini.

6. Usiku na wanyama

Chakula kisilale hemani. Ndovu hunusa matunda, hasa machungwa na ndizi, na hema haliwezi kumzuia. Nyani na tumbili nao huiba mchana kweupe. Fungia chakula ndani ya gari.

Funga zipu ya hema wakati wote. Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vikung'ute, kwa maana nge hupenda kujificha humo. Ukitoka usiku, mulika kwanza pande zote na usitoke peke yako. Lala ndani ya chandarua au tumia dawa ya kufukuza mbu, kwani malaria ipo. Usioge wala kufua mtoni.

Mtu akiumwa na nyoka, asikimbie. Mtulize, mvue pete na bangili, hakikisha kiungo kilichoumwa hakisogei, na mpeleke hospitali ya rufaa mjini Isiolo haraka iwezekanavyo. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kubana.

7. Karatasi ya safari

Andika nakala tatu: moja ibaki na mtu wa kuaminika nyumbani, moja langoni, moja kwa kiongozi wa kikundi. Iwe na mambo yafuatayo:

1. Majina ya wote, umri wa watoto, na mwenye maradhi yoyote.
2. Nambari za usajili wa magari na rangi zake.
3. Jina la eneo la kambi na njia mtakayotumia kwenda na kurudi.
4. Siku na saa ya kurudi.
5. Saa ya kuanza kututafuta. Kwa mfano: "Tusipopiga simu kufikia saa mbili usiku Jumapili, pigia ofisi ya mbuga na polisi."
6. Nambari za dharura: 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Kipengele cha tano ndicho muhimu kuliko vyote. Bila saa iliyoandikwa, mtu wa nyumbani hukaa akijiambia, "Labda wamechelewa tu njiani," na usiku mzima hupita.

8. Maji yakianza kupanda

Kabla ya giza la usiku wa kwanza, fanyeni zoezi la dakika kumi. Kiongozi aonyeshe mwinuko mtakaokimbilia, kila mtoto apewe mtu mzima wa kumshika mkono, na wote watembee hadi hapo na kurudi. Chomeka kijiti ukingoni, maji yanapoishia, ili muweze kuona kama mto unapanda. Mkiwa wengi, pangeni zamu za kukesha.

Dalili za hatari ni maji kubadilika rangi na kuwa mazito, vijiti na majani kuanza kuelea kwa wingi, kijiti chenu kumezwa, au mngurumo kutoka upande wa juu wa mto. Mkiona mojawapo, amsheni wote na mwondoke kwa miguu kwenda kwenye mwinuko. Msikunje hema. Msirudie simu. Mkishafika, hesabuni watu.

Ukikuta maji yanapita barabarani, usivuke kwa gari wala kwa miguu. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulisogeza gari dogo, na sentimita 60 husomba magari mengi, hata yale makubwa. Laga nyingi hushuka baada ya saa kadhaa. Ngojeni. Ndiyo kazi ya ile siku ya akiba.

9. Jipime

*Swali la 1.* Mko Shaba mwezi wa Aprili. Hakujanyesha kwa siku nne na mto ni mdogo. Mlinzi wa lango anasema jana Nanyuki kulinyesha sana. Mtaweka hema ukingoni? *Jibu:* La. Maji ya Nanyuki bado yanaweza kuwa njiani.

*Swali la 2.* Kikundi cha watu 15 kinakwenda kwa siku 2. Kinahitaji jerikeni ngapi za lita 20 pamoja na siku ya akiba? *Jibu:* 15 × 10 × 3 = lita 450, yaani jerikeni 23.

*Swali la 3.* Mmechelewa kurudi na laga imejaa. Dereva anasema alivuka hapo jana asubuhi na anaijua njia. Mtafanya nini? *Jibu:* Mtangoja. Laga ya jana si laga ya leo.

*Swali la 4.* Ni kitu gani kwenye mti kinachokuonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita? *Jibu:* Takataka zilizonasa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye shina.

Tahadhari kabla ya hatari. Viongozi wa vijana, walimu na wazazi wanaombwa kulisoma somo hili kwa sauti mbele ya kikundi chote kabla ya kukusanya michango, si baada. Kikundi kikishindwa kujibu maswali haya manne, safari iahirishwe hadi kitakapoweza.